Mabonde ya Vinyungu na Zamu za Maji

Kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi. Kwa Wahehe na Wabena wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, shamba la mlimani hutegemea mvua, na kinyungu hutegemea unyevu unaobaki mvua zikishakatika. Mwezi Mei, mahindi ya mlimani yakianza kukauka, watu hushuka bondeni, hufyeka majani, huyalundika na kuyafunika kwa udongo mweusi wa kinamasi, kisha huinua matuta yanayotenganishwa na vijifereji. Vijifereji hivyo havileti maji, vinayaondoa. Tuta hukaa juu ya udongo uliolowa, na mizizi huyafuata maji chini.

Mahindi ya kinyungu hupandwa kuanzia Julai na huliwa mabichi karibu na Desemba, wakati ghala zinaelekea kwisha na mazao mapya ya mlimani bado yako mbali. Maharage, viazi, maboga na mboga huchanganywa humo humo. Kwa hiyo kinyungu huziba pengo la njaa kati ya mavuno na mavuno, na ziada yake hununua daftari na sare za shule. Eneo hurithiwa ndani ya ukoo, na asiye na eneo huazimwa au, kama ilivyozoeleka siku hizi, hukodishiwa.

Kinachosahauliwa mara nyingi na wanaokizungumzia ni kwamba desturi ya kinyungu ina mipaka yake. Shughuli ni ya msimu: mvua zikirudi, bonde hufurika, majani huota tena na udongo hupumzika. Kandokando hupandwa milanzi, mianzi inayogemwa ulanzi wakati wa masika. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi na kuning'iniza mbeta, chombo cha kipande cha mwanzi, ili utomvu udondoke humo. Anayeutegemea ulanzi hana haja ya kuing'oa milanzi, na mizizi yake iliyosukana hushika kingo za mto. Pombe, kwa hiyo, imehifadhi udongo bila mtu kuitungia sheria. Kwenye chemchemi zenyewe huachwa mivengi na mikuyu, miti inayojulikana vijijini kuwa rafiki wa maji.

Baadhi ya chemchemi na misitu zimelindwa na matambiko. Huko Rungwe, msitu wa Lubaga, makao ya Lwembe, mtawala wao mtakatifu, ulikuwa mahali pa kuomba mvua na rutuba kwa niaba ya Wanyakyusa wote, na haukuwa mahali pa kuokotea kuni. Wasafwa wa milima ya Mbeya na Poroto nao wana maeneo yao ya matambiko. Haifai kudai kwamba wazee walikuwa wanaikolojia. Walikuwa wakilinda mahali pa mizimu. Hata hivyo palipolindwa mara nyingi palikuwa chanzo cha mto, na mto uliendelea kupata maji.

Mei 2000, nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikutana Nairobi na kupitisha mbinu ya mfumo ikolojia: ardhi, maji na viumbe visimamiwe kwa pamoja, uamuzi ushushwe hadi ngazi ya chini inayofaa, na maarifa ya wenyeji yazingatiwe pamoja na ya wataalamu. Kwa kipimo cha bonde moja dogo, mengi ya hayo yalikuwa yakifanyika Iringa tangu zamani. Ugumu huanza pale mto unapotoka kwenye bonde hilo.

Mito Mbarali, Kimani na Chimala inashuka kutoka milima ya kusini, na Ndembera inatoka Mufindi. Yote huingia kwenye mbuga ya Usangu, nchi ya Wasangu na watemi wao, akina Merere. Hapo maji hugawanywa kwa mifereji. Banio la mawe, magogo na majani hupandisha maji kwenye mfereji mkuu, kisha yanaingia majaruba ya mpunga kwa zamu. Kamati ya mfereji hupanga nani amwagilie lini, huitisha kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, na asiyefika hutozwa faini au hunyimwa zamu. Utaratibu huu hufanya kazi vizuri ndani ya mfereji mmoja. Kati ya mfereji wa juu na wa chini huwa na nguvu kidogo, kwa kuwa aliye juu hahitaji ruhusa ya aliye chini.

Kilimo cha mpunga kilipanuka kwa wakulima wadogo na kwa mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, na wafugaji, wakiwemo Wasukuma, walihamia na mifugo yao. Chini ya Usangu kuna kinamasi cha Ihefu, na maji hutoka humo kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba huko Ng'iriama. Ihefu ikishuka chini ya kizingiti, Ruaha Mkuu, mto unaotoka humo, husimama. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibaki kwenye vidimbwi vya tope. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu, na 2008 Ihefu iliingizwa katika hifadhi hiyo. Mto uliendelea kukauka, kwa sababu maji yanayochepushwa juu hayategemei nani amefukuzwa chini.

Kwa upande wa vinyungu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 za mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa kingo zake. Wapo viongozi walioitafsiri kuwa vinyungu vyote ni marufuku. Wakulima hujibu kuwa tuta la kiangazi si jengo, na hoja yao ina uzito. Lakini kinyungu cha leo si kile cha zamani kila mahali. Nyanya za soko hulimwa mfululizo kwa pampu na dawa, na milingoti (mikaratusi) imepandwa hadi mabondeni kwa ajili ya nguzo na mbao. Mti huo hunywa maji mengi, na katika vijiji kadhaa halmashauri zimeagiza ung'olewe kwenye vyanzo.

Huko Usangu watafiti walijaribu njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walileta ubao ulioinama uliochongwa kama mto, goroli zikiwa maji na vijiti vikiwa mabanio, wakawakalisha wakulima wa juu na wa chini kuucheza. Wa juu walijikuta na goroli nyingi kupita mahitaji huku wenzao wakiwa mikono mitupu, na majadiliano ya zamu kati ya mifereji yakaanzia hapo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazipa nafasi jumuiya za watumiaji maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, ndiyo inayotoa vibali. Mkulima wa vinyungu wa Mufindi na mkulima wa mpunga wa Mbarali hutumia maji ya Ndembera ileile, mmoja akiwa Mkoa wa Iringa na mwingine Mbeya. Mahali pa wao kukutana kabla ya kiangazi ni katika jumuiya na bodi hizo, si katika ofisi ya mkoa wowote.