Taa ya baiskeli kwa bei nafuu: ununue ipi kwanza, na betri ipi usiingize nyumbani

Mtoto anayetoka Isevya saa kumi na mbili asubuhi kwenda shule kwa baiskeli anasafiri gizani. Saa ya Tabora ni ileile ya Dar es Salaam, lakini sisi tuko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua hutufikia karibu nusu saa baadaye. Kati ya Juni na Agosti huchomoza karibu na saa moja kamili. Jioni nusu saa hiyo tunarudishiwa, ila mama anayefunga genge saa mbili usiku naye anarudi gizani, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni au kwenye keria.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, na huhitaji zaidi ya mita 20 kusimama. Dereva akikuona ukiwa hatua kumi mbele yake, breki nzuri haitakuokoa. Kwa hiyo ukienda kununua taa, jiulize kwanza kama itakufanya uonekane kutoka mbali. Kuona njia yako mwenyewe ni jambo la pili, na lina taa yake.

Kama fedha inatosha taa moja tu

Nunua nyekundu ya nyuma. Watu wengi huanza na ya mbele kwa sababu ndiyo wanayoiona ikifanya kazi. Lakini gari linalokuja mbele yako unaliona, na unaweza kusogea pembeni au kushuka kabisa. Linalokuja nyuma yako hulioni, na dereva wake ndiye pekee anayeweza kukwepa.

Mbele unaweza kutumia tochi iliyopo nyumbani. Ifunge kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tyubu kuukuu, uikaze isigeuke ukipita kwenye mashimo. Elekeza mwanga chini, uangukie barabarani mita tano au sita mbele ya gurudumu. Ukiuinua utampofusha anayekuja, naye ndiye unayetaka akuone. Iache iwake bila kumetameta, maana taa inayowaka na kuzimika haikuonyeshi shimo vizuri. Ile ya nyuma inaweza kumetameta, hakuna shida. Usibadilishe rangi: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Dereva akiona nyekundu anadhani unakwenda mbali naye.

Simu iliyoshikwa mkononi usiihesabu kuwa taa. Inakuachia mkono mmoja wa usukani na breki moja.

Utepe unaong'aa

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ni utepe wa riflekta, ule unaobandikwa nyuma ya malori. Ukiulizia kwenye maduka ya spea unaweza kukatiwa kipande. Hauli betri. Futa vumbi na mafuta kwanza, kisha bandika kwenye madigadi ya nyuma, kwenye uma wa mbele, na kwenye pedeli. Pedeli ndizo muhimu kuliko watu wanavyofikiri: kitu kinachopanda na kushuka gizani, dereva anakitambua upesi kuwa ni miguu ya mtu. Kama mtoto wako huvaa sweta jeusi au la bluu, shona kipande kwenye mkoba wake wa shule pia.

Lakini riflekta hung'aa tu ikipigwa na taa ya mwingine. Pikipiki iliyozima taa haitakuona, wala mwendesha baiskeli mwenzako asiye na taa. Kwa hiyo utepe unasaidiana na taa, hauchukui nafasi yake.

Mzigo na kanga

Baiskeli zetu hubeba mkaa, ndoo za maji, magunia, na watoto. Taa iliyofungwa chini ya kiti hufunikwa na mzigo wowote ulio kwenye keria, na kanga ya mama aliyebeba mtoto mgongoni huifunika vilevile. Ifunge nyuma kabisa ya keria au kwenye madigadi. Halafu fanya jaribio hili: pakia mzigo kama kawaida, washa taa, mwambie mtu aende hatua mia moja nyuma yako. Kama haioni, isogeze. Jaribio hili halina gharama, na ndilo linalotoa majibu ya kweli kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Ukiwa dukani

Maandishi hayo ya boksi, hasa idadi kubwa za ukali wa mwanga kwenye taa za bei ya chini kabisa, usiyaamini sana. Iwashe uione. Itikise kwa nguvu. Ikizimika dukani, itazimika pia kwenye vumbi na mashimo. Angalia kama mdomo wa betri una mpira wa kuzuia maji, kwa sababu mvua za Tabora huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili.

Dainamo ya zamani, inayosuguana na tairi, bado ni chaguo zuri kwa anayesafiri kila siku: haina betri ya kununua. Ubaya wake, ukisimama taa inazimika, na hapo ndipo riflekta inapokufaa. Taa za kuchaji kwa waya wa simu ni nafuu kwa muda mrefu, mradi una mahali pa kuchaji. Taa za betri za kununua huvutia kwa bei ya dukani, lakini ukibadilisha jozi moja kila wiki mbili, kwa mwaka ni jozi 26. Piga hesabu hiyo kabla hujalipa.

Betri bapa kama sarafu

Taa nyingi ndogo za mpira, zinazouzwa kwa bei ya chini sana, hutumia betri bapa za mviringo. Kama una mtoto mdogo nyumbani, ninashauri uziache dukani. Betri hiyo ikikwama kwenye koo la chakula la mtoto inaweza kuanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu, hata kama imeshaisha nguvu ya kuwasha taa. Ikiwa tayari unayo, hakikisha mfuniko wake unafungwa kwa skrubu, na taa yenyewe ikae juu asikofika.

Dalili zinaweza kuwa kutokwa mate mengi, kikohozi, kukataa kula, au kulia akimeza. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote. Ukishuku tu kwamba amemeza, nenda mara moja kwenye hospitali yenye eksirei. Kwa Tabora mjini hospitali ya mkoa ni Kitete. Sema wazi kwamba ni betri, wasije wakadhani ni shilingi. Usimtapishe, usimpe chakula, usingoje aende choo.

Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua, haiondoi betri. Huku kwetu haikosekani sana, lakini kama haipo ndani, usipoteze dakika kuitafuta. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Betri aliyoiingiza puani au sikioni nayo ni ya haraka vilevile. Usijaribu kuitoa kwa kijiti wala kumtia maji. Zilizokwisha zifunge kwa selotepu, kila moja peke yake, uziweke kwenye kopo lenye mfuniko mbali na watoto mpaka utakapozitupa.