Je, Wajua? Sindano ya Misuli na Kile Inachochukua

Je, wajua kwamba sindano inayotunisha kifua inaweza kumzuia mwanaume asipate mtoto? Kwa kijana wa Nanyala, wilayani Mbozi, anayepakia magunia ya mahindi mchana na kunyanyua vyuma jioni, hili ndilo la kwanza kulijua kabla hajashawishiwa na mtu mwenye kichupa mfukoni.

Sindano hiyo huwa na testosteroni, homoni ya kiume ya jamii ya steroidi, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na korodani kwa amri ya ubongo. Ikiingizwa kwa sindano, ubongo huona imejaa na kuacha kutoa amri. Korodani husinyaa, mbegu hupungua. Shirika la Afya Duniani liliwahi hata kuijaribu kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume: matokeo ya mwaka 1990, kutoka nchi saba, yalionyesha kuwa kwa miligramu 200 kila wiki, zaidi ya nusu ya waliojitolea hawakubaki na mbegu hata moja. Ukiacha, kwa kawaida mbegu hurudi baada ya miezi kadhaa. Lakini anayejidunga mwaka hadi mwaka, tena kwa dozi kubwa kuliko hiyo, anauchezea uzazi wake. Isitoshe, mwili hugeuza sehemu ya homoni hiyo kuwa ya kike, na matiti yakishaota mara nyingi hayaondoki bila upasuaji.

Je, wajua kwamba hospitalini dawa hiyo hiyo ni msaada mkubwa? Mvulana asiyebalehe kwa sababu ya ugonjwa, au mwanaume ambaye korodani zake zimeharibika, huandikiwa na daktari na kupimwa damu mara kwa mara. Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, walioiunda testosteroni maabarani mwaka 1935, walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1939.

Je, wajua kwamba si kila steroidi hujenga misuli? Deksamethasoni, anayochomwa mjamzito aliye hatarini kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae, ni ya kundi jingine kabisa. Kundi hilo hutuliza uvimbe, na likitumiwa kupita kiasi hudhoofisha misuli na mifupa. Betamethasoni ni ya huko pia. Ndiyo iliyomfanya mwanariadha Ferdinand Omanyala wa Kenya afungiwe miezi 14 mwaka 2017, baada ya kutibiwa maumivu ya mgongo. Baadaye alirudi, na mwaka 2021 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mkenya mwenzake Mathew Kisorio, aliyefungiwa miaka miwili mwaka 2012, yeye alikutwa na nandroloni, steroidi halisi ya misuli.

Je, wajua kwamba kijana ambaye bado anakua anaweza kubaki mfupi? Homoni ikizidi hufunga mapema sehemu za mifupa zinazorefuka. Kwa mwanamke anayeitumia, sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi tena. Vidonge vingi vya steroidi za misuli huumiza ini, na bomba la sindano likitumiwa na wawili hubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Kama umeshaanza, usione haya. Nenda kituo cha afya, peleka kichupa chenyewe, na umweleze daktari umejidunga kwa muda gani.