Kioo Kilichozama Mlangoni: Ukarabati wa Mashine ya Kioo cha Gari kwa Gharama Nafuu

Gari linalopanda kuelekea Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, hukabiliwa na maadui wawili: vumbi jekundu wakati wa kiangazi na mvua ya mlimani katika miezi mingi iliyosalia. Dhidi ya maadui hao, ngao ya msafiri ni kioo cha dirisha. Kioo kinapozama ndani ya mlango na kukataa kupanda, tatizo hilo haliwezi kuhesabiwa kuwa dogo. Viti huloa, swichi za mlangoni huingia maji, na usiku gari hugeuka kuwa duka lisilo na mlinzi. Wapo wanaobandika karatasi ya plastiki kwa siku mbili, nayo ikakaa pale msimu mzima.

Kinachowazuia wengi kutengeneza ni bei. Mwenye duka la vipuri, awe Bungoma, Kitale ama Kirinyaga Road jijini Nairobi, aghalabu huuza mashine ya kioo ikiwa nzima: reli, kebo, na mara nyingine mota yake pia. (Jina hilo, mashine ya kioo, ni la karakana. Msomi angeweza kubuni istilahi ndefu zaidi, ila sidhani kama lipo lililo wazi kuliko hilo, wala hakuna fundi atakayelihitaji.) Ilhali kinachokufa ndani ya mashine hiyo mara nyingi ni kipande kimoja kisichozidi ukubwa wa kidole. Mwenye gari anayekitambua kipande hicho hutumia pesa kidogo. Asiyekitambua hununua mashine nzima, na pengine akanunua mota ilhali kosa lilikuwa la waya.

Sababu ya uchakavu huu haiko mbali. Magari mengi ya huku ni mitumba kutoka Japani. Kiwango cha KS 1515:2000 huzuia kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini hata lililo ndani ya kiwango hicho hufika likiwa na plastiki iliyokwisha kukauka. Toyota Probox, mathalani, ilianza kuundwa mwaka wa 2002. Zile za miaka ya mwanzo zimeshabeba abiria, viazi na makreti ya soda kwa muda mrefu mno. Vumbi likiingia mlangoni na kuchanganyika na grisi ya zamani, mchanganyiko huo husaga chuma na plastiki kama msasa.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza huitwa ya mkasi: mikono miwili ya chuma hufunguka na kufumba, ikisukumwa na kipande cha gia chenye meno. Ya pili ni ya kebo: uzi wa chuma huzungushwa kwenye kigurudumu, ukapita juu na chini ya reli, na kukivuta kishikio kilichokamata kioo. Aina zote mbili zaweza kuendeshwa kwa mkono au kwa mota ya umeme.

Kabla ya kugusa bisibisi, sikio ndilo chombo cha kwanza. Swichi ikibonyezwa na mota ikavuma lakini kioo kisisogee, umeme hauna hatia. Kebo imekatika, au kishikio cha plastiki kimevunjika. Kukiwa na mkwaruzo kama wa kusaga changarawe, kebo imeruka kutoka kwenye kigurudumu chake. Kioo kikipanda kwa kusitasita na kuinama upande mmoja, huenda ni mifereji ya mpira ambayo imejaa vumbi. Ama kukiwa kimya kabisa, uchunguzi hufuata njia ya umeme: kitufe cha dereva cha kuzuia madirisha ya abiria (watoto hukibonyeza, na watu wazima wakalipa), kisha fyuzi, kisha swichi, ambayo katika baadhi ya magari hujaribiwa kwa kubadilishana na ya mlango mwingine. Mahali panaposahaulika ni bomba la mpira lililo kati ya mlango na mwili wa gari. Nyaya zilizomo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana. Kuunga waya mmoja kwa kipande kipya hugharimu kidogo sana.

Kosa likiwa ndani ya mlango, paneli haina budi kutolewa. Waya wa betri unaoelekea hasi hufunguliwa kwanza. Skrubu hujificha ndani ya kishikio cha mkono na nyuma ya kitasa. Baada ya hizo, paneli huvutwa taratibu kuanzia chini hadi vibanio viachie. Mkono wa kuzungushia, kwa magari yasiyo ya umeme, hushikwa na springi ndogo yenye umbo la kiatu cha farasi. Kitambaa kikipitishwa nyuma yake na kuvutwa huku na huku, springi hutoka. Karatasi ya plastiki iliyogandishwa nyuma ya paneli isipasuliwe, kwa maana ndiyo izuiayo maji yasiingie ndani ya gari. Kioo huinuliwa kwa mkono na kufungwa juu ya fremu kwa utepe madhubuti.

Hapa pana hatari isiyopaswa kupuuzwa. Mashine nyingi za mkasi zina springi nzito iliyojikunja. Mota ikifunguliwa kabla ya gia kufungwa kwa bolti au kubanwa kwa koleo la kujifunga, mikono ile hurukia upande mmoja kwa nguvu za kutosha kukata kidole. Asiye na uhakika amwachie fundi hatua hiyo pekee.

Kwa mashine ya kebo, njia ya uzi huchorwa au kupigwa picha kabla ya kuvuliwa. Kebo ya breki ya baiskeli yaweza kuchukua nafasi ya iliyokatika iwapo unene wake unalingana, na eneo hili la mpakani, lililowapa watu boda boda za baiskeli, halijakosa kebo hizo. Kazi ngumu ni urefu na vichwa. Kichwa kimoja huja tayari, nacho huenda kikahitaji kupigwa tupa. Cha pili hubanwa kwa kipande cha mrija wa chuma na kulehemiwa. Kebo ikilegea itaruka. Ikikaza mno, mota itachoka. Ukarabati huu hudumu vyema kwenye mlango wa abiria. Kwa mlango wa dereva, unaofunguliwa kila kizuizi cha polisi, ni busara zaidi kutafuta mashine iliyotumika kutoka kwa gari lililokufa, mradi iwe ya upande uleule, kwani ya kulia haiingii kushoto.

Pesa zikikosekana kabisa, kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo na kusimamishwa chini ya kioo ndani ya mlango hukishikilia juu. Dirisha halitafunguka, lakini halitaingiza mvua wala mwizi, na hilo linashinda karatasi ya plastiki kwa mbali.

Kabla ya kufunga, mifereji ya mpira hupanguswa kwa kitambaa chenye maji na kupakwa silikoni. Oili ya injini haifai humo, kwa kuwa huulainisha mpira kupita kiasi na kualika vumbi upya. Grisi huwekwa kwenye reli na meno pekee. Kioo hupandishwa na kushushwa mara kadhaa paneli ikiwa bado nje, kisha matundu madogo yaliyo chini ya mlango huzibuliwa kwa kijiti, maana tope la Cheptais huyaziba, na maji yanayobaki ndani ndiyo huanza kuila mashine mpya kwa kutu.