Huzuni ya Muuguzi Katika Maafa ya Mlima Elgon

Muuguzi anayehudumia waathirika wa maafa mashariki mwa Uganda mara nyingi ni jirani yao, na kwa sababu hiyo mzigo wake wa moyoni hauwezi kulinganishwa na ule wa mgeni aliyeletwa na shirika kwa miezi michache kisha akarejea kwao. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilifurisha mito Nabuyonga na Namatala, ambayo hushuka kutoka Mlima Elgon na kupita jijini Mbale, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mtumishi wa afya aliyepanga chumba katika mitaa ya mabondeni ya Divisheni ya Industrial anaweza kuitwa kazini godoro lake likiwa limelowa na wanawe hawana pa kulala.

Huko kazini atamwosha marehemu tope usoni ili ndugu wapate kumtambua, kisha, kabla machozi hayajamtoka, atageukia kidonda cha anayefuata. Hali hiyo ikirudiwa huzaa kile ambacho Carla Joinson, akiandika juu ya wauguzi mwaka 1992, alikiita uchovu wa huruma, yaani kufa ganzi kwa moyo wa mtu ambaye amebeba maumivu ya wengine mpaka hana tena pa kuyaweka. Lipo pia jeraha la kimaadili, ambalo ni majuto ya kulazimika kutenda kinyume cha dhamiri, kama vile kuamua nani apewe dripu moja iliyobaki. Na jeraha hili, pengine kuliko uchovu, ndilo linalomkosesha muuguzi usingizi. Hofu ya muuguzi kwamba maafa yanaweza kumkuta hata kazini nayo ina msingi, kwani maporomoko ya ardhi ya Nametsi, wilayani Bududa, ya tarehe 1 Machi 2010 yalikifukia hata kituo cha afya.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake mwaka 2011, hufundisha kumsikiliza aliyefikwa na msiba bila kumshurutisha asimulie, na unataka watoa huduma nao watunzwe. Kumsifu muuguzi kwa ushujaa hakutoshi, na wakati mwingine humziba mdomo. Wasimamizi wa vituo na mashirika ya misaada wampangie zamu ya kupumzika, wamuulize kuhusu nyumba yake, na wamsikilize kabla hajaomba.