Prosesa Haina Meno

"Fundi, dawa ya mswaki ipi nzuri kwa prosesa, nyeupe au ile ya jeli?"

Siku hizi naliona swali hili likija tangu mteja anapovuka mtaro, kasha la kompyuta kwapani. Wanaouliza si wajinga. Ni mama mwenye steshenari njia ya Segerea aliyetumiwa video, ni kijana wa gemu kutoka Malamba Mawili aliyeelekezwa na mwenzake, ni mwalimu anayetunza kompyuta za shule. Wote wanajua kwamba kati ya prosesa na hitisinki panatakiwa kupakwa kitu, na kwamba kile cha kiwandani kikizeeka hukauka. Hapo wako sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba wameruka swali la kama dawa ya mswaki inafaa, wakatua moja kwa moja kwenye swali la aina.

Jibu ni hakuna. Nyeupe haifai, jeli haifai, ya mitishamba haifai, na ile ya watoto yenye ladha ya matunda haifai vilevile. Kisha naambiwa, kila mara: "Lakini jirani yangu aliweka, na mashine inapiga kazi mpaka leo."

Najua inapiga kazi. Ndiyo maana uzushi huu haufi.

Tuichukue mashine iliyojaa mtaani kwetu: deskitopu ya mtumba, Dell OptiPlex au HP, iliyomaliza utumishi wake kwenye ofisi ya Ulaya ikaishia dukani Kariakoo. Ukiifungua, mara nyingi utakuta prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, tuseme Core i5-4570 ya mwaka 2013, iliyopangiwa wati 84. Karibu umeme wote huo unageuka joto, na joto lote linataka kutoka kupitia bamba dogo la shaba lililopakwa nikeli, kama sentimita 3 kwa 3 hivi. Juu ya bamba hilo ndipo hitisinki inapokaa.

Kwa macho, bamba na kitako cha hitisinki vinaonekana laini. Kwa kweli vina mikwaruzo na mabonde madogo, na vikikutanishwa vinagusana kwenye vilele tu. Mabondeni inabaki hewa, na hewa ni kipitisha joto kibovu mno: kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kelvini, hewa ina 0.026 wakati shaba ina karibu 400. Pesti ya prosesa ya kawaida ina kama 5. Tazama namba hizo vizuri. Pesti ni dhaifu mara 80 kuliko shaba, lakini inaishinda hewa karibu mara 200. Kwa hiyo pesti haipoozi chochote. Haina ubaridi ndani yake, na hisia ya mnanaa mdomoni haihusiani kabisa na jambo hili. Kazi yake ni kukaa mahali pa hewa, basi.

Sasa piga hesabu. Chukua tabaka lenye unene wa milimita 0.05, pitisha wati zetu 84 kwenye zile sentimita 9 za mraba. Kama tabaka ni pesti, prosesa itaizidi hitisinki joto kwa digrii 1 hivi. Kama ni maji, ambayo kipimo chake ni 0.6, itazidi kwa digrii 8. Kama ni hewa tupu, digrii 180. Hizo 180 hutaziona kamwe, kwa sababu metali hazikosi kugusana mahali fulani na kwa sababu mashine itajizima kabla hujafika huko. Lakini njia inakoelekea umeiona.

Dawa ya mswaki imetengenezwa na nini? Soma ubavuni mwa tyubu: maji, gliserini au sobitoli, unga wa chokaa au wa silika wa kusugulia, kemikali ya kutoa povu, floridi, ladha. Siku unayoipaka ni tope laini linalojaa mabondeni vizuri sana, na hufanya kazi kwa kiwango kisicho mbali na cha maji. Digrii chache tu nyuma ya pesti halisi. Mteja anawasha, feni haipigi kelele, mashine haijizimi, na anatuma ujumbe wa kumcheka fundi aliyetaka kumuuzia pesti. Siku hiyo ana haki ya kucheka.

Ila prosesa hiyo itashinda kwenye digrii 60 au 70, kutwa, wiki nzima, na maji hayawezi kukaa hapo. Yanaondoka kingoni kidogo kidogo. Kinachobaki ni ule unga wa chokaa, na kati ya chembe na chembe imerudi hewa ileile uliyotaka kuifukuza. Ukiing'oa hitisinki ya namna hiyo huhitaji kuelezwa: unakuta gamba jeupe lenye nyufa, linabanduka kwa ukucha, katikati limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na vipande vimedondokea kwenye mazabodi. Wakati mwingine gamba limeshika hitisinki upande mmoja na prosesa upande mwingine, katikati pamebaki ufa unaoweza kuupitishia ukucha.

"Basi mbona ya jirani haijaungua?" Kwa sababu prosesa za leo zina akili ya kujilinda. Mwaka 2001, mwezi Septemba, jarida la mtandaoni la Tom's Hardware lilirekodi video iliyozungumzwa sana na mafundi wa wakati ule: waling'oa hitisinki za prosesa huku kompyuta zikiendelea kuchezesha gemu. Zile Athlon za AMD ziliungua, moshi ukatoka. Pentium III ikaganda, lakini ikasalimika. Pentium 4 ikaendelea na gemu, ila kwa mwendo wa kujikokota, kwa kuwa ilikuwa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tangu hapo kujilinda huko kumekuwa jambo la kawaida. Hiyo i5-4570 ikikaribia digrii 100 inashuka kutoka gigahezi 3.2, na inaweza kuporomoka mpaka 0.8.

Hapo ndipo jirani yako alipo. Mashine yake haijaungua. Imezeeka kabla ya wakati. Anafungua faili la kuchapa na kusubiri. Kama ana steshenari, msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi foleni imefika barabarani, kila ukurasa unachukua dakika, na yeye anailaumu intaneti, anaongeza bando, anabadilisha laini ya simu. Tatizo liko chini ya hitisinki, limekauka, jeupe.

Ndugu wa dawa ya mswaki nao niwamalize hapa hapa. Mafuta ya mgando: yanayeyuka kwenye joto ambalo prosesa inalifikia kabla hata Windows haijamaliza kuwaka, yanachuruzika, na yanakusanya vumbi kwenye soketi. Foili: badala ya mpaka mmoja wenye hewa umetengeneza miwili, na kipande chake kikikatika kikadondoka kwenye mazabodi kitapiga shoti. Gundi ya kubandikia viatu: sina la kusema. Na wale wanaonunua pesti halisi kisha wakamwaga tyubu nzima kwa imani kwamba ikizidi inazidi kupooza, warudi kwenye hesabu yetu: tabaka likiwa nene mara kumi, digrii 1 imekuwa 9, kwa pesti ileile uliyoilipia. Weka tone moja la ukubwa wa choroko, katikati ya bamba, uliache. Usilisambaze kwa kidole. Mkandamizo wa hitisinki utalisambaza.

Lakini kinachonichosha zaidi ni kwamba mashine nyingi zinazoletwa kwa "ugonjwa wa pesti" hazina ugonjwa huo. Zina vumbi, au zina hitisinki iliyokaa upande. Kinyerezi yetu hii tunaijua: ukitoka barabara ya lami ni changarawe na mchanga, na bodaboda moja inatosha kuingiza wingu dukani. Feni ya prosesa inapuliza hewa hiyo kuelekea kwenye mapezi ya hitisinki kutwa nzima. Ukichungulia kwa juu unaona feni inazunguka, unaridhika. Itoe feni hiyo utazame chini yake: kuna zulia la kijivu limeziba mapezi yote, na hewa haipiti hata kidogo. Hapo ukipaka pesti ya dhahabu haitasaidia, maana joto limefika kwenye hitisinki salama salimini na limekosa mlango wa kutokea.

Wengine wanamlaumu Tanesco. Luku ina uniti, taa inawaka, redio ya jirani inaimba, kompyuta peke yake ndiyo imezima, Tanesco anaingiaje? Pale kwenye mitambo ya Kinyerezi II, ile ya megawati 240 iliyozinduliwa mwaka 2018, joto linalotoka kwenye mitambo ya gesi linachemshia maji na mvuke unafua umeme zaidi. Wao wana matumizi na joto lao. Wewe huna. Lako linatakiwa lifike nje ya kasha, na kumbuka huko nje nako si baridi: mchana wa Februari jijini hapa hewa hufika digrii 32, na chini ya bati lisilo na dari huzidi. Chumba kikipanda digrii 5, prosesa nayo inapanda kama 5. Ukilivua kasha ubavu na kuelekezea feni ya mezani utapata nafuu ya leo, na vumbi la miezi mitatu kwa wiki mbili.

Basi fanya hivi, na nitakwenda haraka kwa sababu kazi yenyewe ni fupi.

Iwashe mashine dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, kisha zima na uchomoe waya wa umeme. Chomoa waya wa feni. Fungua hitisinki, uizungushe kidogo kulia na kushoto kabla ya kuinyanyua. Kwenye AMD za soketi ya AM4 ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka nayo na pini zake zinapinda. Toa feni, toa vumbi nje ya duka kwa blowa huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Mswaki mkavu ni mzuri kwa kusugua katikati ya mapezi. Ndicho kitu pekee cha bafuni ninachokiruhusu. Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti yenye alkoholi nyingi, mpaka bamba ling'ae. Petroli na tina viache kwa wapaka rangi. Weka tone lako.

Hitisinki ishuke wima, bila kuteleza. Ukiinyanyua baada ya kugusa, futa uanze upya, maana umeingiza hewa. Zenye skrubu nne, kama nyingi za Dell na HP, zikazwe kwa msalaba: kidogo hii, kidogo ya kona inayoitazama, kisha mbili nyingine, halafu rudia. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, upande wa pili unanyanyuka. Kwenye kompyuta mpakato skrubu zina namba, fuata namba. Zile hitisinki za Intel zenye pini nne za plastiki ndizo zinazowashinda wengi. Hakikisha kila pini imezungushwa kwenye nafasi ya kufungia, kandamiza mbili za kona zinazotazamana mpaka zilie, halafu mbili zilizobaki. Kisha geuza mazabodi uitazame kwa chini: miguu minne yote iwe imetokeza sawasawa. Mmoja ukiwa umejificha, hujafunga. Pini ikiwa imevunjika, nunua hitisinki nyingine, usiifunge kwa waya. Na kabla ya kulipa, pima kimo cha kasha lako, hasa likiwa jembamba.

Feni inarudi na upande wake uleule. Ukiwa na mashaka, upande wenye vishikizo vya fremu ndiko hewa inakotokea, na kwenye hitisinki hizi huelekea chini kwenye mapezi. Waya uchomekwe palipoandikwa CPU_FAN. Ukiuchomeka kwenye tundu la feni ya kasha, mazabodi itadhani prosesa haina feni na itagoma kuwaka au itakupigia kelele kila asubuhi.

Washa, ingia bayosi, tafuta joto la prosesa, ulitazame dakika kumi. Likisimama chini ya 60, funga kasha, rudi kazini, na ukiwa na programu ya kupimia joto hakikisha halivuki 80 mashine ikiwa na kazi nzito. Likiwa linapanda tu bila kusimama, zima mara moja na ugeuze mazabodi tena: kuna pini haijaingia.