Lumanda ya Kando ya Ua

Watu wengi hapa Lubudi hupanda lumanda kwenye tuta pamoja na lengalenga, kisha wakaing'oa yote kwa pamoja. Naona ni hasara. Lumanda nyekundu, ile ambayo Kinshasa wanaiita ngai-ngai, ni kichaka. Wataalamu wa mimea huiita Hibiscus acetosella, na wanadhani ilianzia hukuhuku: kusini mwa Congo, Angola au Zambia. Ukiipanda kando ya ua itakupa majani mwaka mzima, miaka miwili au mitatu, ndipo shina ligeuke kuni.

Mimi sihangaiki na mbegu. Mvua za Novemba zikishika, nakata vipande vya shina lililokomaa, kila kimoja shibiri moja, navichomeka nusu ardhini, vikiachana hatua moja moja. Mmea ukifika magotini nakata kilele. Hapo ndipo kazi yote ilipo: usiokatwa hukimbilia juu, na siku zinapofupika hutoa maua, majani yakawa madogo na magumu. Vitumba vya maua navichuma mapema, naacha tawi moja tu la mbegu. Kiangazi, Mei hadi Septemba, maji niliyooshea mboga yanatosha. Udongo wetu umelalia mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji kikajengwa hapa, na lumanda haijali.

Wanangu wanaipenda imepikwa, na ndakala na karanga za kutwanga, kwa bukari. Mimi vichipukizi nakula vibichi: nyanya, kitunguu, chumvi, mafuta kidogo. Ndimu haihitajiki, uchachu upo tayari. Wananicheka eti mama anakula majani kama mbuzi, wacheke. Ila mwenye mawe ya figo asizidishe, kwa sababu uchachu huo una asidi ya oksaliki.

Walio karibu na machimbo, Fungurume au Kolwezi, wasinifuate kijingajinga. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha kwamba watu waishio jirani na migodi ya Katanga walikutwa na kobalti nyingi mno katika mkojo. Vumbi hutua juu ya majani, nayo mizizi hunyonya kilichomo ardhini. Kuosha huondoa vumbi tu. Basi panda mbali na njia ya malori, ndani ya magunia yenye udongo uliotoka mbali, na osha kila jani kabla ya kulila bichi.