Kuyeyusha Nta Bila Kuiunguza
Katika nyanda za juu za Njombe, Tandala ikiwamo, masega yaliyokamuliwa asali hubaki na nta, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini ikizidi 85 huharibika rangi. Kwa kuwa nta ngumu hupitisha joto kwa shida, upande unaogusa chombo huungua huku kiini cha bonge kingali kigumu. Ndiyo maana viwandani hutumika pipa la kuta mbili, yaani lenye maji ya moto katikati ya kuta zake, na mabonge huvunjwavunjwa kwanza ili sehemu inayopokea joto iongezeke. Linalosahaulika mno, nalo lina uzito, ni kuchuruzisha mara moja nta iliyokwisha kuyeyuka, kwani ikituama chini ya bonge hulitenga na joto, na kuni huteketea bure.